Uliza Bi Msafiri: Binti Peke Yake Brugge

*Shikamoo Bi Msafiri. Mimi ni binti wa miaka 28, nafanya kazi na kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Novemba kampuni inanipeleka Antwerp, Ubelgiji, kwa mafunzo ya wiki mbili. Yakiisha nataka nichukue siku nne za likizo yangu niende Brugge peke yangu, nikauone ule mji wa mifereji, kisha nirudi uwanja wa ndege wa Brussels. Mama hataki hata kulisikia. Asema mji mdogo ni hatari kuliko mkubwa, ukipatwa na jambo usiku hakuna wa kukusikia. Mwenzangu ofisini naye asema Ulaya hakuna wizi, niende hata na mkoba wazi. Mimi huvaa buibui na mtandio. Nimsikilize nani?*
*Binti wa Tudor*

Marahaba, mwanangu. Habari ya tahadhari msikilize mama, na huyo mwenzako wa ofisini usimsikilize kwa lolote. Ila mama naye amekosea saa. Yeye anaogopa usiku, na Brugge ya kuogopwa ni ya saa sita mchana.

Manispaa nzima ya Brugge ina watu kama 120,000, na wanaolala ndani ya mji wa kale wenyewe ni kama 20,000 tu. Wageni kwa mwaka ni mamilioni. Wengi huingia asubuhi kwa treni na mabasi, wakapiga picha, wakanunua chokoleti, na jioni wakaenda zao. Kwa hivyo mchana, pale uwanja wa Markt chini ya mnara wa kengele, na pale Rozenhoedkaai ambapo kila mtu ataka picha na maji nyuma yake, watu hubanana kama feri ya Likoni saa moja asubuhi. Hapo ndipo mchopozi anapofanyia kazi. Anajua kila aliyesimama pale ana simu ya bei na pasipoti, na jioni hatakuwepo kumfuatilia. Na ukifika mwishoni mwa Novemba utakuta soko la Krismasi limefunguliwa hapohapo Markt, msongamano juu ya msongamano.

Ikifika saa tatu usiku, mji ni mtupu. Utasikia viatu vyako mwenyewe kwenye mawe. Hofu itakuingia, kwa sababu sisi tumezoea usiku wenye watu, muuza mishikaki huku, baraza la wazee kule. Lakini utupu ule si ishara ya ubaya. Wenyeji wamo ndani wanakula. Wewe pita njia zenye taa na madirisha, uache vichochoro vya kando ya mfereji na zile bustani za mashariki penye vinu vya upepo, ambazo mchana ni nzuri mno na usiku hazina kazi nawe. Kumbuka pia kwamba Novemba jua huzama mnamo saa kumi na moja jioni. Ukisema "nitarudi kabla ya giza" hiyo ni saa ambayo huku watu ndio kwanza wanatoka kazini.

Sasa mkoba. Ukipanda feri mkoba wako huuweka wapi? Mbele, na mkono juu yake. Basi hivyohivyo. Sijui kwa nini watu wa Mombasa wakivuka bahari husahau waliyofunzwa na Likoni.

Umewaona watalii wanaotoka Fort Jesus kuingia Ndia Kuu: wamesimama katikati ya njia, simu imenyooshwa mbele, shingo juu kwenye roshani na milango ya nakshi, zipu ya begi la mgongoni nusu wazi. Wewe uliyezaliwa hapa wamjua mgeni toka mbali, hata kabla ya kumwona rangi. Huko mgeni ni wewe, nao wanakujua vivyo hivyo. Dawa yake ni kutotembea na ramani usoni. Brugge ni rahisi kuisoma kwa macho. Mnara wa kengele una mita 83, na mnara wa matofali wa Kanisa la Bibi Yetu unapita mita 115. Ukiinua macho ukauona mmoja, umejua kati ya mji iko wapi. Mji wa kale wote una umbo la yai, umezungukwa na maji, na nje ya maji kuna barabara kubwa ya magari. Ukijikuta wavuka maji mapana au wapita chini ya lango la kale (yamebaki manne: Kruispoort, Gentpoort, Smedenpoort na Ezelpoort) basi umetoka nje ya yai, geuka urudi. Ukitaka kutazama simu, ingia dukani au uegemeze mgongo ukutani kwanza.

Linalonitia hofu kuliko mwizi ni barabara. Sisi huendesha kushoto, Wabelgiji kulia. Miaka yako yote 28 shingo yako imefunzwa kutazama kulia kwanza, na huko gari la kwanza litatoka kushoto. Na kama si gari ni baiskeli, nazo hazina mlio. Njia nyingi za mji wa kale ni za upande mmoja kwa magari lakini baiskeli zinaruhusiwa kuja kwa pande zote mbili, kwa hivyo ile "hapa ni wanwei" haikusaidii. Tazama pande zote, kisha utazame tena. Usisimame kupiga picha kwenye njia ya baiskeli. Utatukanwa kwa Kiholanzi na hutajua umetukanwa nini. Na ukikodi baiskeli, kunja buibui ulibane juu ya goti na suruali ndani. Pindo likiingia kwenye cheni utaanguka, na yale mawe hayana huruma.

Mawe yenyewe yakilowa hutereza. Chukua raba zenye soli ya kushika. Kingo za mifereji sehemu nyingine zina ukuta mfupi, nyingine hazina kitu, na maji ya Novemba ni baridi ya kuua. Picha ya kurudi nyuma hatua moja zaidi, hiyo usiipige.

Mama akuulize pia utalala wapi. Nyumba nyingi nzuri na nafuu mle ndani ni za watu, vyumba viwili vitatu, hakuna mapokezi. Mwenyewe hukuachia ufunguo kwenye kijisanduku cha namba mlangoni na kwenda zake. Hilo ni jema ukifika saa nane mchana. Ukifika saa nne usiku kwenye mvua, simu imezima na namba ya kijisanduku iko ndani ya simu, ndipo utakapomkumbuka mama. Usiku wa kwanza chukua hoteli yenye mtu mezani saa zote, au upange ufike na mwanga. Andika anwani na namba kwenye karatasi. Naam, karatasi.

Toka stesheni hadi Markt ni mwendo wa dakika ishirini. Mchana pitia ziwa dogo la Minnewater na Begijnhof, ndiyo njia nzuri. Na hiyo Begijnhof nitakupa umpelekee mama kama hoja: ni boma la nyumba nyeupe lililoanzishwa mwaka 1245 kwa ajili ya wanawake walioishi bila waume na bila kuwa watawa kamili, wakijitafutia wenyewe. Mji ule umezoea wanawake wa peke yao tangu kabla ya Fort Jesus kuwekwa jiwe la kwanza kwa miaka 348. Lakini lango la Begijnhof hufungwa saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa hivyo ukichelewa chukua basi mbele ya stesheni, au teksi ya kwenye foleni yake.

Sasa treni, maana mbali na msongamano wa Markt, pengine pa kuibiwa ni kwenye treni au stesheni. Toka Antwerp hadi Brugge ni kama saa moja na nusu, aghalabu kupitia Gent, nayo ni njia tulivu. Unaporudi uwanja wa ndege, tafuta treni ya moja kwa moja Brugge hadi stesheni ya uwanjani, Brussels Airport-Zaventem, ili usishuke Brussels na masanduku. Stesheni ya kusini ya Brussels, utakayoiona imeandikwa Zuid na Midi kwa pamoja, inajulikana kwa wezi wa mizigo, na mtindo wao mkubwa hauna kisu wala kelele. Treni imesimama, mtu anagonga dirisha kutoka nje akuulize jambo kwa ishara. Unageuka. Mwenzake yumo ndani, mkoba umeshuka naye, mlango umefungwa. Jirani yangu wa Kibokoni alifanyiwa hivyo na mzee aliyekuwa na ramani, mzee wa heshima kabisa, ati anauliza njia. Treni ikisimama, mkono mmoja uwe umepita kwenye kamba ya begi. Sanduku kubwa liweke mbele yako unapoliona, lisikae juu ya kichwa chako.

Pesa zigawe. Kadi mbili, moja mwilini, moja chumbani. Kabla hujaondoka iambie benki unasafiri, na uiache laini yako ya Kenya ikiwa na romingi, kwa sababu ile namba ya kuthibitisha malipo inatumwa kwenye laini hiyo. Bila hiyo, kadi ya M-Pesa ya kulipia mitandaoni na ya benki zote mbili zaweza kuwa mapambo ukitaka kulipa mtandaoni. Mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa yuro, bonyeza yuro, la sivyo utabadilishiwa kwa bei yao. Weka sarafu kidogo za vyoo; huko haja ndogo ina bei.

Pasipoti mimi huitembeza, kwenye mfuko wa ndani ya nguo, na nakala yake huiacha chumbani. Wengine hufungia yote kwenye sefu ya hoteli. Lakini sheria ya Ubelgiji yataka mtu awe na hati ya kujitambulisha, na nitakwambia waziwazi jambo ambalo vijitabu vya utalii hulikwepa: mtu mweusi mwenye mtandio ndiye rahisi kuulizwa hati kuliko Mholanzi aliyesimama kando yake. Pia mlinzi wa duka anaweza kukufuata kati ya rafu. Inakera. Ukiulizwa na askari, toa hati, jibu kwa Kiingereza taratibu, usicheke wala usibishane. Wakija wawili waliovaa kiraia wakisema ni polisi na wanataka kukagua pochi yako kama ina noti bandia, hao ni matapeli. Askari wa kweli hana haja ya kuhesabu pesa zako. Waombe vitambulisho, uwaambie mtaongea ndani ya duka lililo karibu, uanze kuelekea huko.

Wanaume wa kukusemesha watakuwepo, kama walivyo Moi Avenue. Jibu moja fupi, hatua zisipungue. Hudaiwi tabasamu. Na ukikaa Brussels ukaenda Matonge, mtaa wa Wakongomani, utafurahi kusikia lugha zetu na kula chakula chenye pilipili. Nenda. Lakini mtu kukuita "dada" kwa Kiswahili hakumfanyi ndugu wa kushikiwa mzigo.

Kwa mama: Novemba Mombasa iko mbele kwa saa mbili. Pangeni saa moja ya kupigiana kila siku, umtumie mahali ulipo kwa WhatsApp unapohama mji, na mkubaliane kwamba kuchelewa kidogo si msiba. Nimeona akina mama waliopiga simu ubalozini kwa sababu binti alikuwa kwenye handaki la treni.

*Bi Msafiri, assalaam aleikum. Mume wangu anafanya kazi Ujerumani na tumepanga kukutana Brugge kwa wiki. Nitafika siku moja kabla yake. Mimi huvaa ninja, uso hufunika. Nitapata shida?*
*Mama wa Bondeni*

Waaleikum salaam, mama. Utapata. Ubelgiji ina sheria inayokataza kufunika uso mahali pa umma, ilianza kutumika tarehe 23 Julai 2011, na adhabu yake ni faini au hata kifungo cha hadi siku saba. Inahusu uso tu. Buibui na mtandio hakuna anayekuzuia barabarani. Sheria hii siipendi, na kupenda kwangu hakubadilishi kitu: siku ile ya kwanza utakuwa peke yako, hujui lugha, hujui mji, na si siku ya kushindana na polisi.

Amueni na mumeo kabla ya kulipa tikiti. Ama ufungue uso kwa safari hiyo, ama mkutane nchi nyingine. Ufaransa msiende, nayo ina katazo kama hilo tangu 2011. Uingereza haina, ila visa yake ni nyingine kabisa, hii ya Schengen, ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, haiingii huko. Na popote mtakapokwenda, uwanjani utaombwa ufungue uso ulinganishwe na picha. Omba afisa wa kike mapema, kwa upole, ukiwa bado kwenye foleni.

Bima usiisahau. Visa ya Schengen yataka bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na wengi huinunua wakaitupa chini ya sanduku. Namba ya simu ya bima hiyo iandike kwenye karatasi pamoja na majina ya dawa zako. Duka la dawa huko lina msalaba wa kijani.

*Mama, mambo? Nitakuwa Brugge kwa siku mbili peke yangu. Mimi hunywa, lakini kwa kiasi, chupa nne tano za Tusker hazinitikisi. Kuna la kuogopa?*
*Kijana wa Mtwapa*

Mambo ni yako. Mie sinywi, lakini kusoma kibandiko najua. Tusker ina asilimia 4.2 ya kileo. Bia za Brugge zinazonyweka kwa glasi nzuri nzuri zinaitwa Tripel na Quadrupel, na ile Straffe Hendrik ya mjini hapo ni asilimia 9 kwa Tripel na 11 kwa Quadrupel. Kwa kipimo kilekile, kileo chake ni mara mbili au zaidi ya ulichozoea, kisha unatoka nje kwenye mawe yenye mvua na mfereji usio na ukuta, hakuna mwenzako wa kukushika shati. Watu wale wana bia nyingi hata mwaka 2016 walitandaza bomba chini ya mji kuipeleka toka kiwandani hadi inakotiwa chupani, zaidi ya kilomita tatu. Haitaisha kabla hujaondoka, kwa hivyo usiikimbilie. Mbili, na chakula, na glasi usiiache mezani ukienda msalani.

*Nikipatwa na dharura nipige namba gani, na je, bila salio itapita?*
*Msomaji, Changamwe*

112, bila malipo, nchi zote za Umoja wa Ulaya. Salio halihitajiki, ila laini iwe ndani ya simu. Ukitaka polisi peke yao Ubelgiji, 101. Sema kwanza uko wapi, kisha kilichotokea, Kiingereza chatosha. Kabla ya kuondoka pakua programu inayoitwa 112 BE, ambayo ukipiga kupitia kwake huwapelekea mahali ulipo, jambo la maana kwa mtu asiyeweza kutamka Steenhouwersdijk. Ukiibiwa tu bila kuumizwa, nenda kituo cha polisi upewe karatasi ya ripoti siku hiyohiyo, kwa sababu bima haitalipa bila hiyo. Pasipoti ikipotea, karatasi hiyohiyo ndiyo utakayoipeleka ubalozi wa Kenya, nao uko Brussels. Na chaja yako ya pini tatu haiingii kwenye ukuta wa Ubelgiji. Nunua adapta ya pini mbili za duara hapa mjini kabla hujapanda ndege, simu iliyozima haipigi 112.